Mkanda wa "mjusi": miezi minne ukutani kwangu

Baba mwenye nyumba wetu hataki kusikia habari ya msumari. Kwa hiyo siku niliyomkuta machinga Kariakoo ameninginiza tofali kwenye kioo kwa mkanda mwangavu wa kunata, nilitoa shilingi 7,000 hata bei sikuomba kupunguziwa. Kwenye boksi wamechora mjusi kafiri.

Jikoni sina neno. Nilifuta mafuta kwenye vigae kwa spiriti, nikaacha pakauke, na kirafu cha viungo kipo palepale hadi leo. Ekstensheni niliyoibandika ubavuni mwa meza haijasogea. Ukitaka kuubandua, uvute taratibu kufuata ukuta; unarefuka kama bigijii na kigae kinabaki kisafi.

Sebuleni ndiko nilikoaibika. Saa ya ukutani ilikaa siku mbili juu ya rangi ya maji. Usiku wa tatu ikaanguka puu, mgongoni imebeba ganda la rangi upana wa kiganja. Kusema haki, mkanda haukuachia, rangi ndiyo iliyoachia. Nawasha taa, mjusi kafiri mwenyewe huyo darini, kichwa chini, ananitazama.

Jina wameazima tu. Mjusi hana gundi. Kila wayo wake una vinyweleo karibu laki 5, na kila kinyweleo kinachanua ncha mamia, ndogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuziona. Ncha hizo zinausogelea ukuta mpaka molekuli zake na za ukuta zinavutana. Mvuto wa ncha moja ni hafifu, lakini ukizijumlisha zote zinabeba mwili mzima. Akitaka kuondoka anakunjua vidole, pembe ya vinyweleo na ukuta inabadilika, anaachia. Vumbi nalo linapukutika anavyotembea. Mwaka 2003 mwanafizikia Andre Geim na wenzake wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walitengeneza mkanda wa vinyweleo vya aina hiyo, nao ukachoka baada ya kubandikwa mara chache tu.

Huu wangu ni jeli inayonata, basi. Vumbi likishaushika, hauna nguvu mpaka uuoshe kwa maji na kuuanika. Kuosha kunasaidia kweli, ila mara ya tatu tayari ulikuwa umelegea.

Kwa vigae na vioo nitanunua tena. Saa sasa inakaa juu ya kabati, na lile doa ukutani nimelifunika kwa kalenda kabla baba mwenye nyumba hajaja kuchukua kodi. Kalenda nimeibandika kwa solotepu.