Kamera Inayotikisika: Lini Inatisha, Lini Inachosha?

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo sichambui filamu moja, bali mtindo mzima: filamu zinazojifanya kuwa mkanda uliookotwa, uliorekodiwa na wahusika wenyewe na kupatikana baada ya wao kutoweka au kufa. Naupenda mtindo huu, na ndiyo maana nitausema vikali, kwa kuwa wengi wameuchukua pasipo kuelewa nguvu zake zinatoka wapi.

Wengi hudhani nguvu hizo zinatokana na mtikisiko. Sikubali. Zinatokana na kunyimwa. Katika filamu ya kawaida mwongozaji hutuonyesha mlango kwa nje, kisha kwa ndani, kisha uso wa anayeukaribia, nasi tukajua mengi kuliko mhusika. Hapa kamera ni moja, imeshikwa na mtu mmoja mwenye hofu, na lolote linalotokea nyuma ya mgongo wake linatupita sote wawili. Kijiti kikivunjika gizani, mlio huo peke yake unatosha, kwa sababu hakuna picha nyingine itakayokuja kutueleza kilichokivunja.

The Blair Witch Project ya mwaka 1999 ililielewa jambo hilo. Daniel Myrick na Eduardo Sánchez waliwapa waigizaji watatu kamera, wakawapeleka katika misitu ya Maryland, Marekani, wakawa wanawaachia maelekezo mafupi na kuwapunguzia chakula kadiri siku zilivyosonga, huku mazungumzo mengi yakibuniwa papo hapo. Mchawi wanayemtafuta wahusika haonekani hata mara moja. Tovuti ya filamu iliwatangaza vijana wale kuwa wametoweka kweli, na watu wengi wakaamini. Filamu iliyorekodiwa kwa gharama ndogo sana iliingiza karibu dola milioni 250 duniani, na hapo, kwa maoni yangu, balaa likaanza: watayarishaji waliiona hesabu, hawakuiona kazi.

Sasa tazameni Paranormal Activity, ambayo Oren Peli aliirekodi mwaka 2006 katika nyumba yake mwenyewe kwa takriban dola 15,000. Vipindi vyake vinavyotisha zaidi havitikisiki hata kidogo. Kamera imewekwa juu ya tripodi, inaangalia kitanda, mlango ulio wazi na kipande cha ujia wenye giza, na saa iliyo pembeni mwa picha inahesabu usiku. Mwanamke anaamka, anasimama kando ya kitanda, na saa inakwenda mbio huku yeye akiwa amesimama palepale akimtazama mwenzake aliyelala. Kwa kuwa picha haikuelekezi pa kutazama, unaanza kuipekua mwenyewe, kona baada ya kona, ukikitafuta kile usichotaka kukiona. Kama mtikisiko ungekuwa ndio roho ya mtindo huu, kipindi kile kisingemshtua mtu yeyote.

Kwa nini basi kamera nyingi zinarushwa huku na huko? Mara nyingi ni kwa sababu mtikisiko unaficha mengi. Unaficha vipodozi duni vya zimwi, unaficha mapigano ambayo hayakufanyiwa mazoezi, na unaficha kwamba mwongozaji hakuamua kipindi chake kinahusu nini. Baya zaidi ni udanganyifu: tunaambiwa kamera ni moja, kisha ghafla tunaona pembe ambayo hakuna mhusika angeweza kusimama, na muziki unaingia kutoka pasipojulikana. Mimi hapo huiacha filamu.

Lipo pia swali ambalo kila filamu ya namna hii inadaiwa: mbona huyu bado anarekodi wakati angepaswa kukimbia? REC, filamu ya Kihispania ya mwaka 2007, inajibu bila kuhangaika, kwa kuwa mhusika wake ni mtangazaji wa televisheni aliyefuatana na mpiga picha wake, na kurekodi ndiyo kazi yao. Isitoshe, mwishoni taa inapovunjika, uwezo wa kamera kuona gizani ndio macho pekee waliyobaki nayo. Host ya mwaka 2020, iliyotengenezwa wakati wa vizuizi vya korona, inalifuta swali lenyewe: marafiki wamo katika simu ya video, na kamera zimeshawashwa.

Angalieni pia urefu. REC ina dakika 78, Host haifiki hata saa nzima. Hila hii haivumilii kurefushwa, na filamu inayoivuta kwa saa mbili huanza kujaza nafasi kwa kelele na kukimbia ovyo.

Kwa wale mnaopata kizunguzungu, tatizo halimo katika ujasiri wenu: macho yanauambia ubongo kuwa unasogea wakati sikio la ndani linasisitiza kuwa umeketi. Cloverfield, filamu nyingine ya mtindo huu, ilipotoka mwaka 2008, baadhi ya kumbi za sinema zilibandika tahadhari kwa watazamaji. Kaeni mbali kidogo na kioo, acheni taa moja ikiwaka, na mwanze na Paranormal Activity, ambayo sehemu kubwa ya hofu yake imesimama juu ya tripodi. REC ifuate baadaye, na Cloverfield muiache hadi mtakapokuwa hamjatoka kula.