Discogs kwa Mkusanyaji wa Santuri Aliye Kampala: Daftari Zuri, Duka Ghali

Anayetafuta santuri adimu akiwa Kampala hana njia nyingi, na Discogs, tovuti ya kuorodhesha na kuuziana santuri, ndiyo inayotajwa kwanza kila wakusanyaji wanapokutana. Nimeitumia kwa muda mrefu kununua, kulinganisha bei na kupima maneno ya wauzaji wa hapa mjini. Kama daftari la kumbukumbu sijaona inayoikaribia, lakini kama duka inamwumiza mnunuzi wa Uganda, na juu ya hayo imewapa walanguzi nguvu ambayo zamani hawakuwa nayo.

Tovuti hii ilianzishwa Marekani mwaka 2000 na Kevin Lewandowski, ikianza na muziki wa kielektroniki kabla ya kupanuka hadi kila aina ya muziki uliowahi kutolewa. Taarifa zake huingizwa na watumiaji wenyewe, na kila chapa ya santuri, yaani kila toleo lilipofyatuliwa, ina ukurasa wake: nchi ilikofyatuliwa, mwaka, lebo (kampuni iliyoitoa), namba ya orodha, na zile herufi na tarakimu zilizochorwa katika sehemu tupu kati ya mfuo wa mwisho na karatasi ya katikati. Kwa asiyekusanya, huo ni upuuzi wa watu wasio na kazi. Kwa mkusanyaji, hapo ndipo chapa ya kwanza inapotofautishwa na ile iliyorudiwa miaka mingi baadaye, na pengo la bei kati ya hizo mbili linaweza kulipa kodi ya nyumba. Santuri unaishika kwa kingo, unaiinamisha kuelekea dirishani mpaka mwanga uteleze juu yake, ndipo maandishi yale yanajitokeza, mengine yamepigwa kwa mashine na mengine yamechorwa kwa mkono wa fundi. Kisha unayalinganisha na ukurasa. Nimeona watu wakitoa pesa nyingi kwa sababu tu jalada lilikuwa kuukuu, bila kutazama sehemu hiyo hata mara moja.

Kwa muziki wa kwetu kazi hii ina uzito zaidi, maana mali yenyewe ni haba. Uganda haina kiwanda cha kufyatua santuri, na katika miaka ya 1960 na 1970 wanamuziki wengi wa Kampala walisafiri hadi Nairobi, kwenye studio na viwanda, ili nyimbo zao zitoke kwenye sahani ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, na biashara nyingi za katikati ya mji, za muziki zikiwemo, zikabadilisha wenyewe. Baadaye ikaja vita ya 1979 na uporaji wake, kisha kaseti zikatawala. Santuri zilizosalia ni zile zilizochezwa kwenye harusi na kwenye baa, zenye majina ya wenyewe yaliyoandikwa kwa kalamu, mihuri ya maduka yaliyokwisha kufungwa, na mikwaruzo inayosimulia sindano chakavu. Anayetaka sahani safi ya bendi ya Kampala ya wakati huo anashindana na wakusanyaji wa Ulaya na Japani ambao mifuko yao ni mirefu kuliko yetu, na wengine huwatuma mawakala hadi vijijini.

Hapo ndipo suala la bei linapoingia. Kwenye kila ukurasa Discogs huonyesha mambo mawili tofauti ambayo watu huyachanganya, wengine kwa kutojua na wengine kwa makusudi. La kwanza ni bei zilizolipwa kweli: ya chini kabisa, ya katikati, ya juu kabisa, na tarehe ya mauzo ya mwisho. La pili ni bei ambazo wauzaji wanaziomba leo. Muuzaji yeyote anaweza kuandika dola 400 kwenye sahani iliyouzwa kwa dola 40, akaiacha hapo mwaka mzima bila mtu kuigusa, na bado ikaonekana kama kipimo cha soko. Katwe, mtaa wa hapa Kampala, kwa fundi mmoja anayetengeneza radiogramu za zamani, nilipewa sahani ya Nairobi yenye ufa mdogo ukingoni, na bei ikatajwa kwa dola. Mzee alinigeuzia simu yake nione tangazo la muuzaji wa Ujerumani.

"Mzee wangu, hiyo ni bei anayoomba," nikamwambia. "Shuka chini kidogo, uone aliyenunua alilipa ngapi."

Akashuka, akasoma, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa utulivu, "Lakini mwanangu, huyu Mjerumani naye si mjinga."

Hatukuafikiana. Simlaumu sana, kwa kuwa naye amegundua kwamba kwa miaka mingi vitu vyake vilichukuliwa kwa bei ya chapati na kuuzwa ughaibuni kwa bei ya ng'ombe. Ninachoilaumu tovuti ni namna ilivyoyaweka matangazo ya kuuza mbele ya macho, huku takwimu za mauzo zikiwa ndogo na pembeni. Bei ya juu ya zamani, ambayo pengine ililipwa na mtu mmoja aliyekuwa na hamu isiyo ya kawaida, hugeuka sakafu ya kila mazungumzo yanayofuata.

Ulanguzi wa matoleo mapya una sura nyingine. Hapa uhaba haukuletwa na vita wala na sindano chakavu, bali umepangwa. Lebo hutangaza nakala 300 au 500, nyingine za rangi, nyingine zilizoandikwa namba kwa mkono, na kabla ya wiki kwisha zinaonekana Discogs zikiwa bado na nailoni yake kwa bei mara tatu. Siku ya Maduka ya Santuri, iliyoanza kuadhimishwa Marekani mwaka 2008 ili kuyasaidia maduka madogo, leo inajulikana kwa wengi kama siku ambayo walanguzi hupanga foleni alfajiri. Haki ya lebo ndogo lazima nayo isemwe: kufyatua santuri ni ghali, matayarisho ya awali hugharimu karibu sawa iwe nakala 300 au 1,000, na lebo isiyo na mtaji haiwezi kubaki na maboksi yasiyouzwa. Kiwanda cha Apollo Masters huko California, kimojawapo kati ya viwili tu duniani vilivyotengeneza sahani za laka zinazotumika kuchongea nakala mama, kiliteketea Februari 2020, na baada ya hapo mahitaji yakazidi kupanda: mwaka 2022 santuri ziliuzwa Marekani kwa idadi kubwa kuliko CD, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1987. Kwa hiyo si kila toleo dogo ni hila. Toleo la rangi saba za muziki uleule, hilo ni hila, na santuri zenye picha ndani yake, ambazo walanguzi huzipenda sana, mara nyingi huwa na kelele nyingi za sindano kuliko sahani nyeusi ya kawaida. Mtu hulipa zaidi ili asikie vibaya zaidi.

Mfano unaotugusa ni Nyege Nyege Tapes, lebo iliyozaliwa hapa Kampala mwaka 2016, iliyoupeleka singeli wa Dar es Salaam na muziki wa Acholi kwenye santuri. Sahani zake hufyatuliwa na kusambazwa Ulaya. Mkazi wa Kabalagala anayetaka nakala ya muziki uliotayarishwa mitaa michache kutoka kwake huenda akainunua kutoka London, na akichelewa, atainunua kwa mlanguzi.

Tuje kwenye gharama, ambazo tovuti yenyewe haiwezi kulaumiwa kwa zote. Chukua sahani ya dola 30. Posta kutoka Ulaya kwa kifurushi kimoja kinachofuatiliwa inaweza kukaribia bei ya sahani yenyewe, tuseme dola 25. VAT ya Uganda ya asilimia 18 hukokotolewa juu ya jumla inayohesabu pia usafirishaji, hivyo kabla ya ushuru na tozo nyingine umeshafika karibu dola 65, yaani takriban shilingi 240,000 ukikadiria dola kwa shilingi 3,700. Tangu 2023 Discogs humkata muuzaji asilimia 9, na makato hayo hugusa pia pesa ya posta. Wauzaji si malaika, tofauti hiyo wanairudisha kwenye bei. Malipo yanataka kadi ya benki au PayPal, na mobile money, ambayo ndiyo pochi ya watu wengi hapa, haina nafasi. Wauzaji wengine hawaiweki Uganda kabisa kwenye orodha ya nchi wanazotuma, na ukiwaandikia kwa adabu baadhi hukubali, wengine hawajibu.

Kisha kuna suala la hali ya sahani. Discogs hutumia ngazi zinazojulikana kote, kuanzia Mint, yaani mpya isiyoguswa, kushuka hadi Poor, lakini anayepanga ngazi ni muuzaji mwenyewe. Niliwahi kupokea sahani iliyotangazwa kuwa Near Mint, jalada likiwa limepasuka mshono wa chini na upande wa pili ukiwa na michirizi myembamba ya duara, ya aina ile inayoachwa na kitambaa chenye vumbi. Muuzaji alikubali kurudishiwa, kwa gharama zangu. Kuirudisha Ulaya kungekula zaidi ya nusu ya bei, na yeye alilijua hilo vizuri kabisa. PayPal hutoa siku 180 za kufungua malalamiko, na ndiyo kinga pekee yenye meno. Bila hiyo, mnunuzi wa mbali ni mnyonge. Kwa sababu hiyo nasoma maoni yaliyoachwa na wanunuzi wa nje ya nchi ya muuzaji, si yale ya majirani zake, na naomba picha ya sahani chini ya taa kabla ya kulipa. Anayekataa kupiga picha ameshajibu.

Jambo moja nawasifia bila masharti: wamezuia uuzaji wa chapa haramu, zile zinazofyatuliwa bila idhini ya wenye haki. Kurasa zake zipo kwa kumbukumbu, lakini hazina kitufe cha kununua. Kwa muziki wa Afrika Mashariki, ambao wenyewe wengi walikufa bila kuona hata senti ya mrabaha, si jambo dogo.

Kwa nyota tano, naipa nne na nusu kama kumbukumbu, na mbili kama duka kwa aliye Uganda. Toleo jipya likitangazwa, nunua kwa lebo yenyewe siku ileile, kwa bei ya awali. Likikupita, liweke kwenye orodha ya unavyovitafuta na usubiri, kwani bei za wiki za kwanza huwa za pupa na mara nyingi hushuka lebo inapotangaza chapa ya pili. Kwa sahani kongwe, fungua kwanza takwimu za mauzo, uzichapishe au uzipige picha, uende nazo Katwe au uvuke hadi Nairobi, ambako bado kuna wauzaji wenye marundo na wanaokuruhusu kusikiliza kabla ya kulipa. Na aliye na ndugu London au Berlin anayekuja likizo, aagize kwa anuani ya ndugu huyo, amwombe azibebe kwenye begi la mkononi, zikiwa zimesimama, mbali na jua.