Darubini ya 70/700 hapa Kisumu: kioo kizuri, miguu dhaifu

Darubini hii ya kutazamia Mwezi, sayari na nyota huuzwa kwa majina mengi ilhali ni ile ile, kwa hiyo jina la kwenye boksi lisikuhangaishe. Soma namba: 70/700. Lenzi ya mbele ina kipenyo cha milimita 70, na urefu wake wa fokasi, yaani umbali kutoka lenzi hadi pale mwanga unapokusanyika, ni milimita 700. Nimeitumia juu ya paa la zege na kwenye uwanja wa nyasi, kiangazi na masika. Kioo kinazidi bei yake. Stendi ni dhaifu. Boksi nalo ni msemaji sana.

Boksi linajigamba kuwa inakuza mara 525. Wamepataje? 700 gawanya kwa lenzi ya jicho (ile ndogo unayochungulia) ya mm 4 unapata 175, kisha zidisha kwa 3 za lenzi ya Barlow, ambayo huongezwa ili kuzidisha ukuzaji. Hesabu haina kosa, ila kioo cha mm 70 hakivumilii zaidi ya mara 140 hivi, yaani mara mbili ya kipenyo chake. Ukipita hapo unakuza giza na ukungu tu. Lenzi ya mm 4 na Barlow yake zangu zinalala kabatini. Kazi yote hufanywa na ile ya mm 25 (mara 28) na ya mm 10 (mara 70), na kila mara naanza na ya 25.

Kuna kitu cha kuharibu siku hiyo hiyo unapofungua boksi: kichujio cheusi cha jua kinachofungwa chini ya lenzi ya jicho. Kinakaa pale pale miale yote inapokusanyika, hivyo kinaweza kupasuka kwa joto jicho likiwa limebandikwa. Retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea picha, haihisi maumivu. Utajua umeungua baadaye, kuona kukishaharibika. Kivunje, usimwachie mtoto. Jua hutazamwa kwa karatasi maalum ya kuchujia jua ya darubini inayoziba mdomo wote wa mbele, ikiwa imebanwa isipeperuke, na kilengeo (kile kidude cha kulengea kilicho juu ya darubini) kimetolewa. Miwani ya kutazamia kupatwa kwa jua haifai hapa: ukiivaa na kuchungulia kwenye lenzi ya jicho, miale iliyokusanywa itaitoboa. Wanaoisubiri tarehe 2 Agosti 2027, ambapo huku kwetu jua litapatwa kwa sehemu, wanunue karatasi hiyo mapema.

Kufunga hakuchukui nusu saa. Stendi kwanza, kisha trei ya katikati inayotanua miguu, kisha kichwa chenye uma, halafu mtungi wa darubini (bomba lenyewe), mwisho kioo cha pembe, kinachopinda mwanga ili uchungulie kwa juu, na lenzi ya jicho. Skrubu za plastiki zikaze kwa vidole viwili tu, koleo litazipasua. Usiruke kioo cha pembe, kwani bila hicho mrija wa fokasi, unaosogezwa ili kunoa picha, huishia njiani na hutapata picha kali. Nacho hugeuza kushoto kuwa kulia, kwa hiyo usishangae Mwezi ukitofautiana na picha.

Kilengeo cha nukta nyekundu hulengwa mchana. Toa kwanza kipande cha plastiki kilichozuia betri ya CR2032. Lipe jua mgongo, elekeza darubini kwenye mnara wa simu ulio mbali, angalau kilomita moja, weka ncha yake katikati ya lenzi ya mm 25, kisha zungusha skrubu za kilengeo hadi nukta iketi pale pale. Wengi wanaolalamika kwamba "hakuna kinachoonekana" hawajafanya hivi. Wengine wametoa kifuniko kidogo cha katikati pekee na kuacha kile kikubwa cha lenzi ya mbele mahali pake!

Sasa miguu. Ukiirefusha yote na kugusa mtungi, picha hutetemeka kwa sekunde tano au sita. Iache fupi, keti kwenye kigoda, na uning'inize dumu la maji la lita 5 chini ya trei. Mtikisiko hushuka hadi sekunde mbili hivi. Kwenye paa la zege kila anayepita anaitikisa, na zege pamoja na mabati hutema joto la mchana hadi usiku, hivyo sayari huonekana kama iko chini ya maji yanayochemka. Nyasi ni bora. Kuchungulia kupitia kioo cha dirisha ni kupoteza muda.

Kuna wanaoshawishiwa wanunue stendi ya ikweta yenye uzito wa kusawazisha, ile ambayo mhimili wake huelekezwa kwenye ncha ya anga ili ifuate nyota. Kwa hapa ningesema hapana. Ikweta inapita Maseno, karibu na hapa, kwa hiyo ncha ya anga, pale anga inapoonekana kuzunguka, iko kwenye upeo wa macho, na stendi nyingi za aina hiyo za bei ya chini hazishuki hadi nyuzi sifuri kabla uzito haujagonga mguu. Stendi ya kawaida ya juu-chini na kushoto-kulia inatosha, japo inasumbua kitu kikiwa utosini. Kwa mara 70, sayari hutoka kwenye duara kwa dakika mbili na nusu hivi; iweke ukingoni na uiache ivuke yenyewe.

Vinavyoonekana vinaridhisha. Mwezi ukiwa nusu ni bora kuliko mpevu, maana vivuli kwenye mpaka wa giza huchonga mashimo vizuri. Mshtarii (Jupita) huonyesha mikanda miwili na miezi minne. Pete za Zohali (Saturni) zinaonekana, ila zilitugeuzia ukingo Machi 2025 na zinafunguka polepole. Kilimia, lile kundi la nyota, chote huingia kwenye lenzi ya mm 25. Mwezi Mei na Juni, kusini, Alfa Kentauri hugawanyika kuwa nyota mbili kwa mara 70. Nebula (mawingu ya gesi angani) na galaksi (makundi makubwa ya nyota) ni moshi wa kijivu. Rangi za kwenye boksi zisahau. Zambarau kidogo pembeni mwa Zuhura ni tabia ya lenzi za aina hii, si ubovu.

Kisumu ina mambo yake. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili unusu na saa moja, juu ya ziwa, na kishawishi cha kuwinda Zuhura mapema ni kikubwa: usigeuze mtungi upande huo kabla jua halijatoweka kabisa. Mawingu ya jioni yakikukatisha tamaa, jaribu saa kumi alfajiri. Usiku wa giza, ambao ndio tunautaka, ndio pia wavuvi wa omena huwasha taa ziwani. Elekeza darubini nchi kavu. Dawa ya mbu yenye DEET huyeyusha plastiki na kuharibu mipako ya lenzi, kwa hiyo jipake, nawa viganja, ndipo ushike kitu.

Ukimaliza na kioo kina umande, usikifute kwa leso wala kukifunika kikiwa na maji. Kiache ndani, kikielekea chini, kikauke, kisha kifunike na uweke vifuko vya silika, vile vya kwenye boksi za viatu. Unyevu wa huku huotesha kuvu kwenye lenzi, na kuvu ikishaota ni vigumu kuitoa.

Nyota nne kati ya tano. Moja imekatwa na ile miguu.