SecureDrop: nilipopeleka ankara zangu

Nilikuwa na kurasa 43 za ankara hewa kutoka kazini, na usingizi umenikimbia. Nikafungua SecureDrop (mfumo wa kuwatumia waandishi wa habari nyaraka bila kujitambulisha) ya gazeti moja la nje kupitia Tor Browser, kivinjari kinachoficha unakotoka, kwa laptopu yangu, si ya ofisi. Haikuuliza jina wala namba ya simu. Ilinipa maneno 7 ya siri, ndiyo ufunguo wa kurudi kusoma majibu. Ukiyasahau, hakuna wa kukurudishia. Niliyakariri usiku kucha.

Mwanaprogramu Mmarekani Aaron Swartz ndiye aliyeandika programu hii mwanzoni. Tangu 2013 inatunzwa na Freedom of the Press Foundation, shirika la Marekani linalotetea uhuru wa habari. Kilichonituliza zaidi: kwa kawaida mwandishi wa habari hufungua faili kwenye kompyuta isiyounganishwa kabisa na intaneti.

SecureDrop inakokota, kweli, na maneno ya siri ni ya Kiingereza. Jibu nililikuta siku ya 9.