Ramani ya simu isiyokula bando: Mariakani hadi Miritini kwa miguu

Programu hii ya ramani ni ya bure, inatumia data za OpenStreetMap (ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea), na ukishapakua ramani ya Kenya nyumbani kwa waifai, huhitaji intaneti tena. Mtandao ukikata huko vichakani, kidoti chako bado kinatembea.

Kwetu faida ilianza kabla hata ya safari. Wengi kikundini walitaka tutoke Miritini, iliko stesheni ya treni ya Mombasa, kwa miguu, tukapande treni Mariakani kurudi. Nikawaonyesha mchoro wa mwinuko: ukitokea Mariakani, japo kuna kupanda na kushuka, mwishowe unateremkia baharini. Halafu kuna saa. Treni inayosimama vituo vidogo hutoka Mombasa saa 2 asubuhi. Mkienda nayo na kurudi kwa miguu, hakuna wa kuwakimbiza. Lakini mkitembea kuifuata treni ya kurudi kule Mariakani na mmoja wenu goti limemkataa pale Mazeras, tiketi za watu wote zimekwenda na maji. (Kila mtu na kitambulisho chake, na kisu cha matunda kiacheni nyumbani, ukaguzi wa stesheni hauna mzaha.)

Muda inaokadiria usiuamini. Ni zaidi ya kilomita 20, na programu inahesabu kama vile unatembea peke yako bila jua. Kikundi huenda kwa mwendo wa yule wa nyuma. Sisi tulikwenda msimu wa kusi. Wakati wa kaskazi, kwa joto lile, sithubutu.

Udhaifu mkubwa wa programu ni kwenye reli yenyewe. SGR, reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, imezungushiwa ua, na kutembea juu ya reli ni marufuku, lakini kijia tulichokuwa tukikifuata kwenye simu kilivuka kana kwamba hakuna kitu. Tukasimama mbele ya ua huo tukitazamana. Mama mmoja aliyejitwika mtungi wa maji akatucheka: “Wanangu, hapo hampiti. Fuateni ng'ombe wapitapo, kule chini.” Kweli, mbele kidogo palikuwa na kivuko cha zege chini ya tuta, samadi ya mbuzi imetapakaa, na ubaridi mtamu hata watu wakagoma kutoka.

Uzuri ni kwamba ramani hii hurekebishwa na yeyote aliyejisajili. Kivuko kile nimeshakichora. Mkienda, beba pawabenki, maana GPS inafyonza betri kweli kweli.