Uzoefu wangu na miche ya deilili za waridi kutoka kitalu cha Arusha

Miche yangu ya deilili (daylily, ua la bustani) za rangi ya waridi niliinunua katika kitalu kimoja cha kando ya barabara hapa Arusha, ikiwa kwenye viriba vyeusi, na mizizi yake ilikuwa minene na yenye afya. Muuzaji alisema maua yake hudumu. Kauli hiyo inahitaji ufafanuzi, kwa sababu kila ua la deilili huchanua na kunyauka ndani ya siku moja; kinachodumu ni mfululizo, kwani shina moja hubeba vitumba vingi vinavyopokezana, na aina nzuri huchomoza shina jingine kabla la kwanza halijaisha. Mnunuzi asivutiwe na ukubwa wa ua, bali ahesabu vitumba.

Nakisifu kitalu hiki kwa kuchagua aina zenye majani mabichi mwaka mzima. Zipo deilili zinazokauka majani na kulala wakati wa baridi, nazo hudhoofika kwetu, ambako hata Julai hakuna baridi ya kutosha. Zangu nimezipanda zipate jua la asubuhi, maana jua kali la mchana hufubaza rangi ya waridi, na nazipa samadi iliyooza vizuri.

Raha kubwa zaidi nimeipata katika kuzichavusha. Mapema, umande ukishakauka, nachuma stameni (kijiti cha kiume chenye chavua) ya ua moja na kuipaka chavua yake ya njano kwenye ncha ya ule uzi mrefu unaochomoza katikati ya ua jingine, kisha nafunga kiuzi cha alama. Mimba ikishika, kifuko cha kijani huvimba, na baada ya takribani wiki 6 hadi 8 hupasuka na kuonyesha mbegu nyeusi zinazong'aa. Miche ya mbegu huchanua baada ya miaka 2 au 3, na haifanani na mzazi. Anayetaka ua lilelile agawe kichaka cha mmea pamoja na mizizi yake. Hata rangi hii ya waridi ina historia ya uchavushaji: Arlow Burdette Stout, wa Bustani ya Mimea ya New York, alizalisha aina zake kwa kutumia deilili yenye maua ya rangi ya waridi iliyotoka China.

Kasoro ni moja: miche haikuwa na lebo. Deilili yenye kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) 22 haizai kwa kawaida na yenye 44, hivyo mzalishaji anahitaji jina la aina kabla ya kulipa, ili ajue idadi hiyo.