Ukiugua: likizo ya ugonjwa au siku zako za mwaka?

Kwenye mashamba ya maua ya Naivasha, mfanyakazi akishikwa na nimonia huweza kuambiwa na msimamizi, "Usijali, tutakata kwenye likizo yako." Inavutia, maana mshahara haupungui. Lakini hizo siku 21 za kazi kwa mwaka ni za kupumzika, au kwenda nyumbani kupanda mahindi. Ukizimalizia kitandani, Desemba utawaambia nini wazee?

Likizo ya ugonjwa ni haki nyingine kabisa. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema ukishatimiza miezi miwili mfululizo kazini, unapata angalau siku 7 za mshahara kamili, kisha 7 za nusu mshahara, katika kila miezi 12. Nusu inauma, sikatai. Tena ni lazima umjulishe mwajiri mapema iwezekanavyo na upeleke cheti cha daktari. Risiti ya duka la dawa haitoshi.

Mimi ningeanza na zile 7 kamili. Zikiisha na bado hujapona, hapo ndipo ningezungumza na mwajiri kuhusu siku za mwaka.